Jalada la Bi Tirza

Hawa mwanangu,

Kwa heshima na taadhima, mimi mama yako, nikiwa na akili timamu, naitangazia familia nzima, wapangaji wa uani na majirani wote wa Pangani hii yetu ya Kibaha, kwamba kifuniko cha hotpoti kubwa kilichopotea tangu Pasaka kimepatikana. Kilikuwa chini ya kitanda chako, kimejaa vibanio vya nywele na maganda ya karanga. Uchunguzi umefungwa. Mtuhumiwa anasafiri kesho alfajiri, kwa hiyo hatutamfungulia mashtaka, ingawa baba yako ni Mpare na angependa sana.

Haya, nimeshakuchekesha, au nimejaribu. Sasa kaa kwenye hilo begi lako usome.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria na kutonunua mayai ya dirishani njiani sitayaandika. Umeshaambiwa mpaka umeyachoka, na huko unakokwenda utafanya unavyotaka. Nataka kuandika lile jambo ambalo tangu Alhamisi tunapishana nalo humu ndani kama mgeni aliyelala sebuleni. Wewe na baba yako mazungumzo yenu yanaishia shikamoo na marahaba. Mimi naongea na masufuria. Kesho unapanda basi kwenda chuo cha theolojia, na barua ya utambulisho ya usharika, ambayo chuo kimesema bila hiyo husajiliwi, bado iko kwa mchungaji. Mchungaji kasema upite kwake asubuhi kabla ya basi. Wewe umesema hupiti. Umesema hutakwenda kutamka neno usiloliamini ili upewe karatasi.

Neno lenyewe ni Kale.

Nikimwambia mtu wa sokoni kwamba nyumba yangu imenuniana kwa sababu ya neno hilo, atanishika paji la uso aone kama nina homa. Lakini neno hilo mimi ndiye niliyeliingiza humu ndani, kwa gundi na uzi, kabla wazee wa kanisa hawajalisikia kinywani mwako.

Kibanda changu cha Maili Moja umekulia chini ya meza yake, kati ya gundi na chupa za wino wa mihuri ninazouza, kwa hiyo kazi ya kujalidi vitabu huhitaji kuelezwa. Ila sijawahi kukusimulia nilivyoanza. Hakuna aliyenifundisha. Nilipoolewa nikahamia huku, baba yako alikuwa na kitabu cha nyimbo kilichokatika mgongo. Nikakifumua chote nione kilivyoshonwa, halafu kurudisha nikashindwa, na baba yako kwa muda mrefu alikuwa anaimba kanisani kwa kukisia. Cha pili kilirudi. Cha tatu kilirudi kizuri kuliko kilivyotoka dukani, na hapo nikaanza kujiona fundi.

Nimeshona Biblia za watu wa kaskazini waliohamia huku na ng'ombe wao, nimeshona misahafu ya wajomba zako wa Kisarawe, hiyo naishika baada ya kunawa kama nilivyofunzwa utotoni. Ukishona vitabu vya watu unajifunza kusoma kingo kabla ya kurasa. Biblia ikifika mezani kwangu, Zaburi ni nyeusi kwa vidole. Mathayo ni mweusi. Yohana ana mafuta ya kupikia. Isaya ana rangi ya chai. Halafu kuna sehemu ndefu ni nyeupe tupu, karatasi zimeshikana kama zimetoka kiwandani jana. Sehemu hiyo ndiyo watu wako tayari kutoana macho kuhusu jina lake.

Bi Tirza alipokuja kupanga chumba cha uani, mtaa mzima ulikubaliana kwamba ni Msabato. Unakumbuka: alikuwa mtaalamu wa visima, anashinda kijijini Dutumi anarudi na matope mpaka magotini, lakini Ijumaa jua likianza kuinama anazima jiko, na Jumamosi haendi popote hata umwambie kisima kinawaka moto. Baba yako, ambaye kwao Upare amekua na Wasabato, alimuuliza kwa adabu anasali kanisa gani. Akajibu kwamba yeye ni Myahudi. Baba yako akamshukuru, akaja jikoni akaniambia, "Mama Hawa, tuna Myahudi uani," kwa sauti ya mtu aliyekuta jina la kwenye kitabu limekuja kuomba ufunguo wa choo.

Kiswahili alikuwa amejifunzia Nairobi, kwa hiyo alikuwa anaomba chumvi kama anatoa amri ya polisi. Ila roho yake ilikuwa nzuri. Siku moja akaniletea vijitabu vyembamba, kila kimoja kina jina kwa Kiingereza juu, na ndani maandishi yao yanayoanzia kulia kama msahafu. Vilikuwa vinampotea kwenye gari la kazi. Akaomba nimwunganishie viwe kitabu kimoja.

Nikavihesabu, nikamwonea huruma. Upande ule wa Biblia yetu, kabla ya Mathayo, una vitabu thelathini na tisa. Yeye alikuwa na ishirini na vinne. Nikajua kumi na vitano vimeshazama Dutumi, maskini, na mwenyewe hajagundua. Halafu vilikuwa vimechanganyika. Danieli kakaa na Esta, manabii wako katikati, Mambo ya Nyakati iko chini kabisa. Nikasema mtu wa visima atapata wapi muda wa mpangilio. Nikafungua Biblia yangu mezani, nikavipanga vyake sawasawa na yangu, kuanzia Mwanzo mpaka kile kijitabu cha manabii kinachoishia na Malaki. Nikashona.

Ningeishia hapo, pengine ningesamehewa upesi. Lakini nilitaka kumfurahisha. Nikakivalisha kitabu chake leksini nyeusi nzito, ile ngozi ya bandia, nikapasha moto zile herufi za shaba juu ya mkaa, nikakandamiza karatasi ya dhahabu, na mbele ya jalada nikamwandikia kwa herufi kubwa, AGANO LA KALE. Wewe ulikuwepo. Ulisema, "Mama, imetoka kali." Usijifanye hukusema.

Alikuja kuchukua Ijumaa mchana. Akapitisha kidole juu ya dhahabu, herufi moja moja, mpaka mwisho. Akasema kazi ni safi mno. Akalipa, akaenda. Mimi nikabaki na furaha yangu mpaka Jumapili jioni, aliponikuta nachambua mchele, akavuta kigoda akakaa.

"Mama Hawa," akasema, "nikuulize. Ni la kale kwa nani?"

Nikamwambia ni jina lake tu, ndivyo kinavyoitwa.

"Nyumbani kwenu, ndiyo. Mna kingine kilichokuja baadaye, mnahitaji kuvitofautisha. Kwetu hakuna kingine. Ni hiki hiki, tunakisoma, bado kinatusumbua."

Akanieleza taratibu, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo, umesahau kwamba imejaa. Kwamba wao wanakiita Tanakh, jina lililoundwa kutokana na herufi za kwanza za sehemu zake tatu: Torati, Manabii na Maandiko. Kwamba bibi yake hakusema hata hivyo, alisema Mikra, maana yake kile kinachosomwa. Kwamba hakuna kijitabu kilichopotea, ni hesabu tu: wao Samweli ni kitabu kimoja, Wafalme kimoja, na wale manabii wadogo wote kumi na wawili wanakaa chumba kimoja bila kugombana. Na kwamba havikuwa vimechanganyika. Huo ndio mpangilio wao. Nyakati iko mwisho kwa sababu mwisho ndipo mahali pake.

Nikamuuliza kuna tofauti gani, kama maneno ni yale yale.

"Ukiishia na Malaki," akasema, "unabaki mlangoni unamngoja mtu aje. Ukiishia na Nyakati, mfalme anatoa ruhusa, na watu waliokaa ugenini wanaambiwa wafunge mizigo waende kwao. Umenishonea kitabu changu kikawa sebule ya kusubiria kitabu chako."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Nilimwomba akirudishe. Nikakifumua usiku na mchana nikihofia karatasi zisichanike, nikapanga upya kwa mpangilio wake yeye, nikaleta leksini nyingine. Nikamuuliza sasa juu niandike nini. Baba yako, aliyekuwa barazani anajifanya anasikiliza redio, akapendekeza tuandike Agano la Kwanza. Bi Tirza akacheka. "La kwanza kati ya mangapi, Baba Hawa?" Wewe ukasema Biblia ya Kiebrania, umeisoma mahali kwenye simu. Akasema hilo ndilo wasomi wanaloliandika ili wasigombane, ni jina la heshima, ila Danieli na Ezra wana kurasa nzima za Kiaramu, kwa hiyo nalo lina tundu. Mwisho akaniambia nisiandike kitu. "Nikikishika nitakijua."

Tangu siku hiyo ulihamia uani. Kila jioni ulikuwa huko unachora zile herufi za Kiebrania kwenye mchanga, mpaka alipomaliza visima vyake akaondoka, na wewe ukatuambia unataka kwenda kusoma lugha hiyo chuoni. Nilifurahi, Hawa. Nikupe siri ndogo: jina lako lenyewe lilitoka humo. Ulipozaliwa, kwao baba yako walitaka jina la Injili, kwetu Kisarawe walitaka jina la Kiislamu, na mimi nilikuwa na mtoto wa siku kadhaa anaitwa "huyu." Tukakutafutia jina kwenye zile kurasa za mwanzo ambazo pande zote mbili zinazikubali. Kabla hujajua kuongea ulikuwa umeshasuluhisha kesi.

Ndiyo maana Alhamisi iliniumiza.

Nilikuwa nazungusha chai na vitumbua mle ofisini kwa usharika, na mwenye birika haonekani, kwa hiyo niliona kila kitu. Katibu wa usharika alikuuliza unakwenda kusoma nini hasa. Ukasema Kiebrania, pamoja na Maandiko ya Kiebrania.

"Yaani Agano la Kale," katibu akasema.

"Hapa kwetu tunaliita hivyo, baba. Wenyewe hawaliiti hivyo."

"Wenyewe nani?"

"Wayahudi."

Katibu akaweka kikombe chini. "Wenyewe ni sisi."

Mchungaji akajaribu kukuvutia kwenye nafuu, akakuuliza kwa upole, ukiliondoa Kale, Jipya litakuwa jipya kuliko nini. Lilikuwa swali zuri, na ungeweza kulijibu vizuri. Lakini ulikuwa umeshapanda moto. Ukawaambia kwamba kuita kitabu cha mwenzako kikuukuu ni kumzika akiwa hai, na kwamba kanisa limefanya hivyo miaka yote bila kumuuliza mtu. Ulisema vile mbele ya wazee wanne waliosimamia ubatizo wako na kipaimara chako, wakachanga nauli yako ya usaili. Katibu akasema barua haitoki mpaka tuelewane. Baba yako, mzee wa kanisa, alikuwa anakoroga chai. Hawa, baba yako hanywi chai yenye sukari. Alikoroga chai isiyo na kitu mpaka sala ya kufunga, na sala yenyewe ilikuwa ndefu, na karibu yote ilikuhusu wewe bila kukutaja.

Ulimtazama ukingoja aseme neno. Hakusema. Najua ndicho unachomnunia, wala si barua.

Jumapili tukapanda Kisarawe ukamuage bibi yako. Nilikuomba usilete maneno ya kanisani kule, ukayaleta kabla hata hujavua viatu. Bibi alikuwa anamenya mihogo. Akakusikiliza mpaka mwisho, akaniangalia mimi, akasema, "Wapare hawa. Wana kesi mpaka na vitabu."

Halafu akakupa yake. Akasema yeye ni bi mkubwa. Babu yako alipomleta bi mdogo, kijiji kizima kilikuja kula pilau, na hakuna aliyethubutu kumwita yeye mke wa zamani, siku hiyo wala baadaye.

"Mke wa zamani ni aliyeachika," akasema. "Mimi nimeachwa lini? Funguo za ghala hizi hapa. Mtu akitaka kuniita, aniite bi mkubwa, na akae mbali kidogo."

Ulifurahi. Uliniangalia kama mtu aliyeshinda kesi. Ila hukusubiri, na bi mdogo alikuwa jikoni anasikia, akatoa kichwa mlangoni.

"Na mimi mke mpya ni yupi humu ndani? Nina meno manne. Wakwe zangu wamezeeka wakafa wakiniita bi arusi."

Wakacheka wote wawili mpaka bibi akaangusha kisu, wakapakua, wakala sahani moja. Wewe ulicheka nao, lakini njia nzima ya kurudi ulisema habari ya bi mkubwa tu. Ya bi mdogo uliiacha Kisarawe. Mimi niliondoka nayo. Agano Jipya nalo ni bi mdogo wetu, ana miaka karibu elfu mbili ndani ya nyumba, amezaa, amezika, ana watu wake wanaompenda kwa jina hilo hilo alilokuja nalo. Ukimvua kwa nguvu, hujamtendea haki bi mkubwa. Umeongeza mtu wa pili mwenye kilio.

Juzi mchungaji alipita kibandani kwangu. Nilijua amekuja kwa ajili yako, kwa hiyo sikumsubiri aanze. Nilimwambia, kabla hajakaa, kwamba Yesu mwenyewe hakuwahi kushika kitabu kinachoitwa Agano la Kale. Alisema Torati na Manabii kama mtu yeyote wa kwao.

"Najua, Mama Hawa," akasema. "Hata mimi nilisoma."

Nikamuuliza kwa nini basi hakulisema Alhamisi. Akasema jina hilo kanisa halikulitoa mfukoni. Yeremia, nabii wao wenyewe, ndiye aliyetaja agano jipya, na penye jipya watu wataita lililotangulia la kale, si kwa dharau. Nikamwambia Bi Tirza naye anamsoma Yeremia huyo huyo, ila yeye anasikia agano lile lile likiandikwa upya moyoni, kwa nyumba ile ile, bila mtu kuhamishwa. Akafikiri. Akasema inawezekana kabisa wote wawili wamsome. Halafu akaniambia kilicho moyoni: akisimama Jumapili kusema hivyo madhabahuni, Jumatatu ataulizwa kama usharika umekuwa wa Wasabato au wa Waislamu.

"Na wewe unajua watakavyosema, mama. Watasema ni damu ya Kisarawe."

Nilijua. Miaka yote hii nashona Biblia zao, na nilijua. Nikamwambia kama hana lingine, nina kazi. Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akasema, "Basi, Hawa apite kwangu asubuhi ya safari," akaenda zake.

Sasa nisikilize, na ukichukia, chukia ukiwa kwenye basi.

Sikuandikii ili upite kwake. Sikuandikii ili usipite. Naogopa yote mawili. Usipopita, naogopa chuo kikurudishe na begi lako, ukae hapa ukituangalia sote kama tulivyokuangalia Alhamisi. Ukipita ukasema usichoamini, naogopa zaidi, kwa sababu ladha yake naijua. Nilipobatizwa ili nifunge ndoa na baba yako, mwinjilisti aliniuliza mbele ya watu kama Zuhura wa kale amekufa. Bibi yako alikuwa benchi la mwisho, kajifunga khanga mpya, amekuja kwa sababu alisema popote penye mwanawe na pilau yeye yupo. Nilisema ndiyo, amekufa. Sikuwa nimelifikiria, nilitaka ndoa. Wakaniandika Elizabeti. Tukiwa njiani kurudi, bibi yako akaniuliza, taratibu kabisa, kama anauliza bei ya nazi, "Huyo aliyekufa ndiye niliyemnyonyesha?"

Mpaka leo sijamjibu. Kanisani mimi ni Elizabeti, Kisarawe mimi ni Zuhura, sokoni mimi ni Mama Hawa. Kristo simjutii, na hilo ulijue. Ninajutia lile neno tu, kwa sababu halikuwa na kazi. Ningeweza kumpenda yule mpya bila kumfanyia mazishi yule wa mwanzo.

Kwa hiyo usidhani sikuelewi. Lakini na wewe kuna kitu hujakiona. Ulichowafanyia wazee Alhamisi ndicho nilichomfanyia Bi Tirza. Mimi niliandika jina letu juu ya kitabu chake. Wewe ulitaka kuandika jina lake juu ya kitabu chao, tena bila gundi, kwa nyundo. Nia zetu zilikuwa nzuri zote mbili, na ndiyo shida yenyewe, kwa sababu mtu mwenye nia nzuri haangalii uso wa anayepewa. Bi Tirza hakuniambia niende nikafute neno Kale kwenye Biblia yangu. Aliniambia niliondoe kwenye yake. Kwake, hiyo ilitosha.

Katibu naye, aliposema "wenyewe ni sisi," alikosea nusu. Sisi ni wenyewe wa Biblia ile iliyo mkononi mwake, ambayo inaanza na Mwanzo na inaishia na Ufunuo, na yeye ameisoma tangu akiwa mchunga ng'ombe wa baba yake. Alichosahau ni kwamba kuna watu wengine wenye kitabu, na walikuwa nacho kabla yake, na bado hawajaondoka. Ungemwambia hivyo kwa utulivu uliomsikilizia bibi yako, sijui angejibu nini. Pengine angekunja uso vile vile. Angalau ungekuwa umemwachia kiti cha kukalia.

Huko chuoni utasikia majina mengi kuliko niliyoandika hapa, na kila mwenye jina atakuwa na sababu. Utaandika moja kwenye mitihani, utasema jingine ukirudi kuhubiri huku kwetu, utasema la tatu siku utakayokutana na Bi Tirza au mfano wake. Usijione mnafiki. Mimi nina matatu na bado ninajijua nikijishika.

Na baba yako. Hakunyamaza kwa sababu hakuamini ulichosema. Yeye ndiye aliyetafuta Agano la Kwanza barazani, na nimemsikia akilijaribu peke yake bafuni. Alinyamaza kwa sababu yeye ni mtu wa kuja, kama mimi, hata kama yeye alikuja na dini yao. Ameishi Kibaha miaka yote hii kwa kutokuwa wa kwanza kuongea. Ni udhaifu, namwambia mara kwa mara. Lakini saa moja iliyopita alipiga pasi koti lake la Jumapili, leo ikiwa si Jumapili, akavaa, akatoka bila kuniambia anakwenda wapi. Sikumuuliza. Naandika haya huku sikio langu liko getini, na nimekosea kuandika mara mbili ukurasa huu, utaona nilipofuta.

Kwa hiyo asubuhi sitakuamsha kwa ajili ya mchungaji. Nitakuamsha kwa ajili ya basi. Ukinyoosha moja kwa moja stendi, nitabeba begi upande mmoja na sitasema kitu. Ukikata kona ya kanisani, nitasimama nje na begi. Ukiulizwa, sema linalosimama lenyewe mdomoni mwako, hata likiwa fupi. Ila mara hii muangalie uso unayemwambia.

Baba yako amerudi. Ngoja.

Nimeongea naye. Alikwenda kwa mchungaji. Barua ilisainiwa tangu Ijumaa, na mchungaji na katibu, wote wawili. Haijatoka kwa sababu haina mhuri, na haina mhuri kwa sababu kidau cha wino pale ofisini kimekauka. Juzi mchungaji alikuja kibandani kwangu kununua wino.